Wageni wa Jemadari

9 Februari

Mpwa wangu Kifungo,

Marahaba. Naitikia kabla hujaamkia, maana shikamoo yako itachukua wiki nzima kunifikia na mimi si mtu wa kukaa na deni la salamu. Mjomba wako ni mzima kama chuma. Kaka yako kapata mtoto wa tatu, wa kike tena, na ameniletea picha. Mtoto kachukua pua yangu, ile ile iliyoninyima urubani. Walikuwa wameshanipokea, ikabaki miwani tu, ikagoma kukaa.

Kazini napanda cheo. Pale kwenye kiwanda cha sabuni walipunguza watu, kisha wakapunguza waliobaki, kisha wakazima mashine, na sasa mimi ndiye mkubwa wa pale. Funguo zote ninazo. Naingia saa mbili asubuhi, nafungua bomba moja moja maji yasije yakaozea ndani, nafunga, naandika kwenye daftari: hali ni nzuri. Hakuna wa kunibishia.

Sasa tuje kwenye jambo. Nina njiwa. Usicheke, sisemi njiwa wa kuokota punje barabarani. Huyu ni wa maonyesho, mweupe pe, wa mkia wa upepeo. Mkia una manyoya arobaini na moja. Nimehesabu mwenyewe mara mbili, na mara ya pili yalikuwa arobaini na matatu. Akisimama inavyotakiwa, kifua kinapanda, shingo inarudi nyuma, kichwa kinakwenda kulala kwenye mkia kama kwenye mto. Ukimtazama kwa mbele utadhani bwana harusi aliyemeza rula. Nimemwita Jemadari.

Septemba kuna maonyesho katika ukumbi mkubwa wa mjini. Kila njiwa anawekwa kwenye kizimba chake, jaji anapita na kijiti, anamgusa kifuani, anamtazama. Anayesimama na kutanua mkia anapewa utepe. Anayejikunyata kwenye kona, hata awe mzuri vipi, anarudi nyumbani na aibu yake. Kwa hiyo siri yote ni kumzoesha watu. Yule aliyeniuzia aliniambia hivi: "Bwana, ndege wa maonyesho hafundishwi na mtu, anafundishwa na watu. Kila siku aone nguo ngeni, asikie sauti ngeni."

Nikamwambia, umefika penyewe. Kwangu mimi ni stesheni. Jana tu alikuja nesi na koti lake jeupe, akasimama mbele ya kizimba nusu saa nzima. Juzi kondakta wa treni. Viti havitoshi, wengine wanasimama.

Sikuiti, kila mtu ana shughuli zake. Nakuarifu tu kwamba ule ukumbi una nafasi ya watazamaji.

Mjomba wako,
Bingwa wa Septemba


21 Machi

Mjomba,

Shikamoo, ingawa umeshaitikia. Huku ni mzima. Mtoto wa kaka nimemwona kwenye picha, maskini, ni kweli kachukua pua.

Bado niko hotelini, kule chini kwenye dobi. Hakuna dirisha. Najua kwamba nje kunanyesha pale taulo za wageni zinaposhuka na matope. Mashuka mia mbili kwa siku, tunakunja wawili wawili; mwenzangu anashika ncha zile, mimi hizi, tunasogeleana hadi vidole vinagusana, halafu kila mtu anarudi nyuma. Tumekunja hivyo miaka miwili na sijui ana watoto wangapi.

Nimefurahi kusikia nyumba ina watu. Tangu mwenzako Fundi atutoke mwaka jana nilikuwa nikiwaza unakaaje peke yako, na cherehani ile pale imenyamaza. Kumbe ni stesheni. Moyo wangu umetulia.

Kuhusu kutofika kwangu mazishini, nitakueleza siku moja. Nafasi haikupatikana.

Umeniuliza pembeni ya barua, kwa penseli, jinsi mashuka ya hoteli yanavyokuwa meupe. Kwa ndege sijui. Kwa nguo tunasuuza maji matatu: ya kwanza ya sabuni, ya pili matupu, ya tatu tunatia buluu ya kufulia. Matone mawili kwa beseni, mjomba. Mawili.

Mpwa wako,
Kifungo


14 Aprili

Kifungo,

Marahaba. Mimi buheri wa afya, nyumba buheri wa afya, kiwanda buheri wa afya, panya tu ndio wamelalamika kwamba sabuni imekwisha.

Jemadari ni wa buluu.

Usianze. Najua ulisema mawili. Lakini mtu mzima hahesabiwi matone kama mgonjwa wa macho. Nilimwosha vizuri kabisa: maji ya vuguvugu, sabuni laini, nikasugua kucha kwa mswaki, nikamsuuza. Beseni la tatu nikasema, kama mawili yanang'arisha, kijiko kitafanyaje? Alipotoka mle alikuwa rangi ya shati la mwanafunzi. Akanitazama. Kifungo, nimewahi kutazamwa na simba, siku ile nilipolala juu ya lori la mchanga kumbe mwenzangu wa pili si mtu, lakini sijawahi kutazamwa vile.

Sasa namwogesha kila Jumapili na anafifia. Hadi Septemba atakuwa amebadili manyoya yote, kwa hiyo tulia. Manyoya ya mkia yaliyopinda nayanyoosha kwa mvuke wa birika, moja moja, huku nimemshika kifuani na kumwimbia. Nyumbani anatulia kama sanamu. Wageni wote wanamsifu. Wiki hii alikuja bwana mmoja na suti ya harusi, ua la kitambaa hapa kifuani, akasema hajaona kitu kama hiki. Na mwalimu wa kike, gauni la kijivu, kola nyeupe, sauti nyembamba sana. Jemadari hatikisiki! Wote anawasimamia, mkia wazi, kifua mbele.

Hayo ya mazishi tuyaache. Nafasi ikikosekana imekosekana. Watu walikuwa wengi, hata usingepata pa kusimama.

Mjomba wako,
asiyehesabu matone


30 Mei

Kifungo,

Sijui kama posta ya huko wamelala au ni wewe. Mimi mzima. Mtoto wa kaka yako ameota jino. Jirani wa ukuta kwa ukuta amehama, amekwenda kwa wanawe, ameniachia ufunguo na chungu cha maua. Nimekuwa mkubwa wa nyumba mbili sasa na kiwanda.

Jemadari ni mweupe tena, isipokuwa chini ya bawa la kushoto, na huko jaji hana shughuli. Kondakta amekuja tena. Huyu bwana ana tabia ya kusema "tiketi, tiketi" mbele ya kizimba, kwa sauti nene, ili kumpima ndege. Koti lake zuri sana, vifungo vya shaba, isipokuwa kimoja cha kijani ambacho sijui mtu mzima anakivaaje hadharani. Nilimtania, tukacheka sana.

Usipoandika na mimi siandiki.

Mjomba wako


18 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Hakuna aliyelala, si mimi wala posta. Barua ya Aprili niliisoma nikacheka hadi mwenzangu wa mashuka akaniuliza kuna nini, ndiyo mara ya kwanza kuniuliza kitu. Halafu niliisoma tena, sikucheka, na nikashindwa kuijibu. Sasa imekuja hii ya Mei.

Kile kifungo cha kijani, ni cha tatu kutoka juu?

Nilikishona mimi. Nilikuwa na miaka tisa, Fundi alikuwa na koti la kondakta mezani na kifungo kimoja cha shaba kimepotea, nikaenda kwenye kopo nikachagua nilichokipenda. Akasema, "Basi, kikae, tutakibadilisha mwenyewe akija kulichukua." Hakuja kulichukua. Ndipo wewe ukaanza kuniita Kifungo.

Na nesi aliyeleta koti jeupe kufupishwa mikono alihama bila kuaga. Suti ya harusi, yule kijana harusi ilivunjika, akaona haya kurudi. Gauni la kijivu la mwalimu, Fundi aliniandikia kwamba alimaliza kulitia kola wiki ile alipolazwa.

Nyuma ya mlango wa chumba cha cherehani kulikuwa na misumari mitano, na minne ina nguo za wateja wasiokuja. Nazikumbuka kuliko sura za watu. Nakuuliza kwa heshima, mjomba: hao wageni wako wamekuja kwa miguu yao?

Mpwa wako


2 Julai

Kifungo,

Marahaba. Hapa ni wazima wote.

Umeniandikia habari za nguo. Mimi si fundi wa nguo, fundi alikuwa mwenzangu. Nilisoma darasa la nne na nusu, hiyo nusu upepo uliezua paa tukatoroka, na nguo hazikufundishwa.

Jemadari anaendelea. Ameanza kupukutisha manyoya, sakafu nyeupe.

Mvua hakuna.

Mjomba


8 Septemba

Mpwa wangu mpendwa Kifungo,

Marahaba mara saba! Salamu baadaye, mtoto anakaa mwenyewe, wote wazima, sasa sikiliza. USHINDI.

Njiwa walikuwa mia tatu, ukumbi umejaa hadi watu wanachungulia madirishani. Nilimwosha siku mbili kabla, beseni la tatu na siki kidogo tu, nikamkausha kivulini, nikampangusa miguu kwa kitambaa cha hariri. Kuingia naye mlangoni, watu kimya. Jaji mkuu, mzee mwenye miwani minene, akafika kwenye kizimba chetu, kijiti kikamwanguka. Akavua miwani, akapangusa, akavaa tena. Akasema, "Bwana, kazi ya miaka arobaini, leo naweza kustaafu." Utepe wa kwanza, kikombe juu, wakataka na mimi niingie kizimbani nipigwe picha. Wengine walilia. Njiwa wengine waligeuza migongo kwa heshima.

Kikombe nimekiweka juu ya cherehani. Kinang'aa hadi barabarani.

Mjomba wako,
Bingwa, kama nilivyokuambia


9 Septemba

Kifungo,

Ya jana ichane. Niliitia sandukuni asubuhi, nikarudi mchana kumwomba yule wa posta anirudishie, akasema ikishaingia si yangu tena.

Hakuna kikombe.

Njiwa walikuwa sitini hivi. Jemadari alikuwa mzuri kuliko wote, na hili si la kutia chumvi, hata wenye njiwa wao walisema. Mweupe kama shuka zenu. Nilimtia kizimbani saa tatu, akatulia, nikasogea pembeni, maana mwenye ndege haruhusiwi kukaa karibu. Jaji akaja. Alikuwa amevaa koti jeupe. Nikasema moyoni, tumeshashinda, koti jeupe Jemadari amelizoea kama maji ya kunywa.

Hakulitazama koti. Alitazama juu, usoni. Kisha akafunga mkia kama mtu anayefunga mwavuli, akarudi kwenye kona, akajibana pale akitetemeka. Jaji akamgusa na kijiti kwa upole, akampigia ulimi, akangoja. Akaja wa pili, mwanamke. Vile vile. Watu wakapita, watoto, wazee, mabibi wenye kofia, na kila sura ilimsogeza zaidi ukutani hadi manyoya yakatokeza nje ya waya.

Nikashindwa. Nikaenda, nikasema tu, "Jemadari." Kifungo, aliinuka. Kifua juu, shingo nyuma, mkia wote wazi, arobaini na moja. Ukumbi ukageuka kutazama. Yule jaji akaja akasimama nyuma yangu, na ndege akaanguka tena kama mtu aliyekatwa kamba. Nikimfunika jaji kwa mgongo wangu, anasimama. Nikihama, anaanguka.

Akaniambia taratibu, si kwa ubaya: "Mzee, humu hakuna ndege mzuri kuliko huyu. Lakini anamjua mtu mmoja tu. Nyumbani kwako huwa haji mtu?"

Mimi unanijua. Sijawahi kukosa jibu, hata mbele ya polisi. Nikatafuta uongo mfuko wa kulia, nikakosa. Wa kushoto, nikakosa. Nikasema, "Haji." Nikamchukua ndege wangu, nikatoka.

Kwa hiyo ulivyouliza Juni ndivyo hivyo. Nesi ni mimi, mikono inanibana. Kondakta ni mimi. Bwana harusi ni mimi, suruali haifungi, natia kamba. Mwalimu niliona haya siku ya kwanza nikafunga dirisha, baadaye nikaacha kufunga, maana wa kuchungulia ni nani? Kila jioni nikitoka kiwandani navaa mmoja, nabisha hodi mlango wa nyuma, najikaribisha, namsifu ndege kwa sauti ya huyo mtu, naaga. Wakati mwingine tulizungumza na mengine zaidi ya ndege. Kondakta ni mtu wa busara.

Nguo nne, mtu mmoja. Mimi nilidhani njiwa huzoea nguo.

Msumari wa tano sikuugusa. Lile sweta la Fundi, la kijani. Lile halikuwa la mteja.

Siku ya mazishi watu hawakuwa wengi. Tulikuwa kumi na wanne. Pa kusimama palikuwepo.

Mjomba


24 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua mbili zimefika siku moja. Ya kikombe nimeisoma ya pili, kwa hiyo nilijua. Siichani. Pale njiwa wanapogeuza migongo kwa heshima pamenisaidia.

Na mimi nina ya kwangu ya kusema, nikiingoja siku nzuri itachelewa mwaka mwingine.

Nafasi ilipatikana. Walinipa siku nne. Nilikata tiketi, nikafunga mkoba, nikafika stesheni saa moja kabla. Nikakaa kwenye benchi. Nikaanza kuwaza nikifika nitaingia mlango wa mbele, nitapita sebuleni, na mlango wa chumba cha cherehani utakuwa umefungwa. Siku zote ulikuwa wazi, unasikia mashine kabla hujavua viatu. Treni ikaja. Watu wakapanda. Nikamwona kondakta, wa kweli, amenyoosha mkono achukue mkoba wangu, nikamwambia namngoja mtu. Ikaondoka. Nilikaa pale hadi wafagiaji wakafika kwenye miguu yangu.

Siku nne nilijifungia chumbani. Niliporudi kazini msimamizi wa dobi akasema, "Pole, mazishi yalikwendaje?" Nikasema yalikwenda vizuri, watu walikuwa wengi. Unaona tumesema uongo ule ule, mjomba, kila mtu na wa kwake, na hakuna aliyemfundisha mwenzake.

Sikuwa na jinsi ya kukuandikia hayo wakati kwako ni stesheni na viti havitoshi. Mtu mwenye wageni wengi vile anamhitajia nini asiyekuja?

Nimeomba likizo ya wiki tatu, wamenipa. Nitafika Jumamosi, tarehe 11 Oktoba, treni ya saa nane mchana. Naogopa bado ule mlango. Lakini ndege anahitaji sura ngeni, na yangu ndiyo niliyo nayo.

Kifungo


3 Oktoba

Kifungo,

Marahaba. Mtoto wa kaka yako sasa anatambaa, pua inatangulia. Kiwandani hali ni nzuri, nimeandika hivyo kwenye daftari, na chini yake nimeandika: tarehe 11 mkubwa hatakuwepo.

Ukifika stesheni yenu usikae kwenye benchi. Simama. Mtu aliyesimama treni humpitia, aliyekaa humwacha. Hili nililijua siku niliyofukuza treni kwa baiskeli vituo vitatu nikaipita, nitakuhadithia.

Zile nguo nimezifua na kuzipiga pasi. Suti ya harusi nimempelekea kaka yako, inamtosha. Gauni na koti la nesi nimewapa walio na mwili wa kuzivaa. La kondakta nimelibakiza, kwa ajili ya kile kifungo. Mlango wa chumba cha cherehani nimeutoa kwenye bawaba, nimeuegemeza uani. Sasa hauwezi kufungwa hata na upepo. Mashine nimeitia mafuta. Kushona sijui, lakini nikikanyaga inalia vile vile, na Jumamosi kuanzia saa nane nitakuwa nakanyaga.

Juu ya Jemadari, usitegemee makubwa. Ukimsogelea atafunga mkia, atakwenda kwenye kona. Usiondoke. Usimwite, usimguse. Vuta kiti ukae, uvue viatu, uzungumze na mimi mambo yoyote. Wiki ya kwanza atakuchukia. Ya pili atakuchungulia. Ya tatu sijui, ya tatu hatujafika, na maonyesho ni mwakani.

Nimekitoa kizimba ndani, nimekiweka barazani kuelekea barabara, ili yeye awe wa kwanza kukuona unakuja. Mimi nitatoka nikisikia hodi. Nitakuwa nimevaa nguo zangu.

Mjomba wako